Firigisi ya Mama Mkwe

Juzi dukani hapa Kisarawe aliingia jirani yangu Mkristo, baba wa watoto wanne, na jogoo kwapani. Mama mkwe wake, Mwislamu wa Chole, alikuwa anakuja kula Krismasi, na tangu binti yake aolewe hajaonja hata mchuzi katika nyumba ile.

"Shikamoo, mzee," akamwambia mwenye duka. "Naomba unichinjie. Nikichinja mimi, mama hali."

"Marahaba. Si mnasali kila Jumapili? Mwombe Mungu amlainishe."

"Nimemwomba, mzee. Kanielekeza kwako."

Mzee akacheka, akamwelekeza jogoo kibla, akasema bismillahi, kazi ikaisha.

Mimi sikosi shughuli, siku ya Krismasi nikaenda kwao. Wanawake tulikaa uani. Baba mwenye nyumba, kwa heshima ya mkwewe, alibaki barazani na sahani yake ya wali mtupu, anangoja kitoweo.

"Kachinja nani?" bibi, yule mama mkwe, akauliza. Nikamwapia kuwa nimeona kwa macho yangu. Akanawa. Mkono ukalipita paja, ukakipita kidari, ukatoka na firigisi.

Binti yake akanong'ona, "Mama, hiyo ni ya baba watoto."

"Yeye kanichukulia binti," bibi akasema, anatafuna taratibu, "nami nisile firigisi yake?"

Tukasikia sauti ya baba mwenye nyumba kutoka barazani: "Mwacheni mama ale. Niliomba ale, sikutaja kipande."

Basi ninyi mnaopiga magoti, wa msikitini na wa kanisani, tajeni kipande.