Alama ya Nane

Kazi yangu ni kupima mwanga wa kitu kilicho mbali mno, kisichonijua, na kisichoweza kunisaidia hata kubeba ndoo. Katikati ya baadhi ya galaksi kuna shimo jeusi linalomeza gesi. Likila sana, galaksi inang'aa; likila kidogo, inafifia. Nimesoma hadi udaktari ili niandike limekula kiasi gani. Kijijini kwetu, juu milimani Same, watu walilisikia neno daktari tu, kwa hiyo kila nikija likizo na kumwamkia mzee shikamoo, baada ya marahaba hufuata habari za magoti yake.

Mwaka ule nilirudi kichwa kimevimba. Galaksi niliyoipima kwa miaka minne ilikuwa imeamka: mwanga wake ulipanda ghafla na haukushuka tena. Jarida moja kubwa lilikuwa limeikubali makala yangu, imebaki kuchapwa tu, na chuo kilikuwa kinaisubiri kabla ya kuniongezea mkataba. Mama alishatangaza kanisani kwamba binti yake amegundua kitu kimeamka. Mchungaji, kwa busara, hakuuliza ni kitu gani.

Nilifika siku ya msaragambo. Kazi hiyo ya pamoja kwetu haina msomi: ndiva, bwawa letu la kumwagilia, likijaa tope, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji. Mama ana shamba la tangawizi. Basi mtaalamu wa galaksi akaingia topeni, akachimba kwa ustadi uliowafanya majirani wacheke mpaka wakaegemea majembe yao.

Ndani ya ndiva imesimama fimbo yenye alama zilizochongwa kwa panga, zinazohesabiwa kutoka chini kwenda juu. Maji hujaa usiku, na asubuhi mgawa maji husoma yamefika alama ya ngapi ndipo apange nani atamwagilia. Asubuhi iliyofuata mgawa maji alikuwa ameteremka mjini hospitali. Katibu wa kamati, mtu mwenye imani kubwa na shule, akanigeukia mimi.

"Dokta, si ndiyo kazi yako kupima?"

"Ndiyo hasa," nikasema, na Mungu anisamehe, niliinua kidevu.

Daftari lilionyesha kwamba wiki nzima maji yalifika alama ya tano. Mimi nikasoma nane. Nikatangaza kwamba chemchemi imeongeza maji, nikaeleza sababu zake kwa kirefu, nikataja mvua, nikataja miamba, nikaagiza nyumba tatu zaidi zipewe zamu. Mama akaomba yeye awekwe mwisho.

Maji yalikatika kabla ya kufika kwake. Alibaki amesimama kando ya mfereji mkavu. Jirani mmoja, yule aliyenicheka kuliko wote siku ya tope, akashuka ndani ya ndiva iliyokwisha kufunguliwa, akaishika fimbo.

"Jana si tulichimba tope hapa chini yake? Fimbo imeshuka, dada. Maji ni yale yale."

Nilichokiwaza kwanza hakikuwa tangawizi ya mama. Naona aibu kukiri. Nilikumbuka kwamba darubini yetu iliwekewa kamera mpya katika mwaka wa tatu, na kwamba galaksi yangu, kwa adabu ya ajabu, iliamka mwezi ule ule. Nilikuwa nalijua hilo. Vipimo vya kamera zote mbili nilivilinganisha kwa nyota moja tu inayoonekana karibu na galaksi hiyo, nikaridhika, nikaliandikia jambo lote sentensi moja yenye heshima zake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Mchana nilikaa barazani na kompyuta, nikapima nyota nyingine za picha zile zile. Karibu zote zilikuwa zimepanda mwezi huo huo. Ama mbingu nzima iliifurahia kamera mpya, ama nyota yangu moja, nyekundu kama nyanya, ilififia machoni mwa kamera isiyoona wekundu vizuri, na kila nilichokipima kwa kukilinganisha nayo kikaonekana kimeng'aa. Nilirudia hesabu mara tatu. Galaksi haikuwa imeamka.

Hakuna aliyejua ila mimi. Wakaguzi wa jarida walishapitisha, na ningeweza kunyamaza nikapata mkataba wangu. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Halafu nikaliandikia jarida kwamba naiondoa makala, nikatuma, nikalia kwa sauti, mtu mzima na kamasi zangu.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia yote: kwamba hakuna kilichoamka, kwamba nilikosea kama nilivyokosea kwenye ndiva, na kwamba kazi huenda imekwisha.

"Na wenzako hawakuliona kosa?"

"Hawakuliona, mama."

Akaufuta mwiko kwa pembe ya kanga, polepole.

"Mimi ile fimbo niliiona tangu asubuhi kwamba imeshuka," akasema. "Ila ulikuwa unaeleza vizuri, mwanangu, na watu walikuwa wanakusikiliza. Ndiyo maana nikaomba niwe wa mwisho."