Neno la Kwanza Kaburini kwa Baba

Aibu hii nawasimulia mwenyewe kabla Kasiani hajawasimulia kwa namna yake, maana yeye akiisimulia hucheka hadi akohoe, nami kila akicheka natamani kumrushia kigoda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, msimu wa kwanza tangu baba afariki. Nilikuwa nimeolewa Mbeya, nikapanda lori mpaka Nyololo, nikamalizia kwa miguu mpaka kwetu, kwa sababu kwetu huonji mahindi mapya kabla wazee waliotangulia hawajaonjeshwa, na mwaka ule mimi, binti mkubwa, ndiye niliyetakiwa kulitaja jina la baba kaburini kwake. (Padri alikuwa akitukataza, lakini hata mwalimu wetu wa dini alikuja, rozari kaificha ndani ya shati.) Kazi yangu ilikuwa kubeba ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, na kunyamaza. Ukishavuka kijito cha msituni hakuna kusema, na neno la kwanza kutamkwa pale ni jina la marehemu, si jingine.

Asubuhi ile kibuyu kikakutwa na ufa. Kasiani, mdogo wangu, akaja na chupa kubwa ya kijani, sijui kaitoa wapi.

"Dada, tumimine humu."

"Ulanzi unahema, Kasiani. Umeacha upenyo?"

"Nimeacha, dada. Kwani mimi mtoto?"

Sikukagua. Kosa langu ni hilo tu! Kumbe jamaa kakigongomea kizibo kwa mchi. Nikajitwika, tukapanda mlima jua limeshakuwa kali, chupa inapata moto na kutikisika kichwani, nami najiona mtu wa maana.

Tulipofika tukavua viatu, tukaketi, na shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyeongoza tambiko, akainua mkono, tukafumba macho. Mnakaa hivyo mpaka moyo utulie, mpaka usikie majani, na maji, na ndege mmoja mmoja. Nami kweli nilitulia. Nilimwona baba kama yuko mbele yangu, jina lake limenijaa mdomoni.

Chupa ikalia, "Paa!"

Kizibo kikampiga mwalimu wa dini kwenye paji, povu likamwogesha shangazi, kondoo mweusi wa tambiko akakata kamba akapita katikati yetu akimwangusha huyu na kumkanyaga yule, watu wakakimbia wakidhani ni bunduki, lakini (sikilizeni vizuri) walikimbia bila neno, hata mwalimu yule alijiuma mdomo asitamke kitu. Na Kasiani kajishika tumbo, mabega yanamtikisika. Anacheka! Nikasimama, nikapaza sauti mpaka msitu ukaitika.

"Mbwa wewe!"

Shangazi alijifuta povu, akageuka, akashuka mlima. Alisema tulipofika nyumbani.

"Tambiko limeharibika. Mtu asiguse hindi mpaka mwezi mpya uandame."

"Lakini shangazi, aliyeharibu ni Kasiani!"

"Kasiani amecheka. Kucheka si neno."

"Baba mwenyewe si alikuwa anatukana?"

"Sana, mwanangu. Ila alikuwa anasubiri atoke msituni."

Basi ukoo mzima ukala maharage ya mwaka jana huku mahindi yakikomaa shambani, watoto wakinitazama kama mimi ndiye nzige. Nilipokwenda kuteka maji wanawake waliitikia salamu yangu ya "kamwene" halafu wakaangalia pembeni, midomo wameibana. Mwezi ulipoandama, jina la baba akapewa Kasiani alitaje. Na alilitaja vizuri, mshenzi yule, akalia machozi ya kweli, wazee wakampigapiga mgongoni, nami nimesimama nyuma kabisa nimekunja ngumi ndani ya kanga.

Mwaka uliofuata nilipewa nafasi yangu. Tangu ile chupa ilie nimeapa: kinywaji cha wazee nakigema mwenyewe, naziba kwa jani kwa mkono wangu, na Kasiani hata akisema maji yamelowa nitayagusa kwanza. Siku ya nafasi yangu niliketi, nikatulia, nikalitaja jina la baba. Lakini lilitoka kwa sauti ndogo, ndogo kuliko lile tusi, na hilo ndilo ambalo mpaka leo sijamsamehe Kasiani.