Bibi Aliyeuliza Tu Wangapi

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningecheka, kama si miguu yangu mwenyewe iliyopita njia ile. Lakini haya sikusimuliwa. Yalinipata mchana kweupe, jua la alasiri likiwa bado linachoma shingo. Watu hudhani mambo haya hungoja usiku. Nani aliwaambia?

Kwetu ni Pemba, upande wa Kengeja. Nyuma ya mashamba ya mhogo kulikuwa na ziwa dogo, na njia moja tu iliyolizunguka, tambarare, haina kilima wala mwiba. Kipofu angeipita. Ukianza kuzunguka wakati mama anamenya mhogo, unarudi kabla chungu hakijachemka. Sikukuu wanawake walikwenda kulizunguka kwa kupunga upepo tu, na siku nyingine tulikwenda kukata ukindu wa kusukia mikeka.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya ukoloni, na kabla ya hayo nitakayokueleza, makarani walikuwa wamepita vijijini kuhesabu watu. Aliyekuja kwetu alivaa kaptula na soksi ndefu. Akamuuliza mama, "Nyumba hii mko wangapi?"

"Siye tupo," mama akajibu.

"Nauliza, wangapi?"

"Tupo, mwanangu. Kwa uwezo wa Mungu tupo."

Kwetu watu hawahesabiwi. Kumhesabu mtu ni kumpunguza. Ukiulizwa una watoto wangapi, unasema wapo, basi. Yule karani alitokwa jasho mpaka akaamua kuhesabu ndara zilizokuwa mlangoni, na mimi na mdogo wangu Raya tulikuwa ndani tumejiziba midomo kwa kanga tusicheke. Alipoondoka mama akatugeukia. "Nanyi mkiulizwa na msiyemjua, jibu lenu ni hilohilo. Tupo. Msizidishe, msipunguze." Nililisikia. Wallahi nililisikia.

Mimi na Raya tuliachiana ziwa, yaani nilipotoka mimi kifuani kwa mama akaingia yeye. Tulilala kitanda kimoja, tukagombana kila siku ya Mungu, na mmoja akitoka tu mwenziwe huuliza yuko wapi. Alikuwa ameposwa na mtu wa Wawi. Siku chache kabla ya harusi ukindu wa mkeka wake ukatupungukia, tukaenda ziwani sote wawili.

Ili tumalize upesi nikamwambia, "Weye shika kulia, mie nishike kushoto. Tukutane ng'ambo, kwenye mzambarau." Njia ni moja. Watu wawili wakiizunguka kinyume, watakosaje kukutana? Raya akaenda zake akiimba nyimbo za harusi yake mwenyewe, mtoto yule hakuwa na haya, nami nikawa namsikia juu ya maji.

Karibu na mzambarau nikamkuta bibi kizee ameketi katikati ya njia, kajifunga kanga iliyochujuka. Sikumjua. Nikampa heshima yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wendapi?"

"Nakata ukindu, bibi."

"Mu wangapi?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Maneno ya mama yalinijia. Lakini nikajiona mjanja kuliko mama. Raya ni bibi harusi, nikawaza, na jicho la mtu usiyemjua, hujui lina nini ndani yake. Kwa nini niseme tupo, aanze kumtafuta kwa macho huyo wa pili? Heri nimfiche kabisa.

"Mie ni peke yangu," nikasema.

"Na huyo aimbaye?"

"Simjui, bibi. Wallahi sina mwenzangu."

Alikuwa ameinua vidole viwili. Akakikunja kimoja, taratibu. "Haya," akasema. "Umesema mwenyewe."

Niliinama kurekebisha mzigo wangu. Kuinua kichwa, hayupo. Pale alipoketi pamelowa, na hapakuwa na nyayo za kuja wala za kwenda. Lakini wimbo wa Raya ulikuwa unakuja, mara nikamwona mwenyewe, mzigo kichwani. Furaha niliyoipata siwezi kukueleza. Nikapanua mikono kumzuia njia.

Akanipita. Alinizunguka kama mtu anavyozunguka kisiki, wala hakuukatisha wimbo.

"Raya! Wacha mchezo!" Nikamfuata, nikamvuta kanga. Akaikusanya kanga yake, akaguna, "Upepo huu." Nikamshika mkono, akajikuna pale niliposhika. Nikasimama mbele yake nikalia, nikamtukana, nikamwomba. Macho yake yakawa yanatazama maji nyuma yangu.

Tulifika nyumbani mimi nikiwa nyuma yake nimepotewa na sauti. Mama alituona sote wawili, akacheka. "Mmegombana tena? Mbona dadaako analia?"

Raya akauliza, "Dada gani, mama?"

Mama aliendelea kucheka kidogo, kisha akaacha.

Hapakuwa na jambo ambalo hatukulifanya. Raya alisomewa, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini, akafukizwa. Alikuwa mzima, anapika, anaswali, anajua jina la kila kuku. Watu wote aliwaona ila mimi. Shehe aliyetusomea aliponiuliza nilisema nini kule, nikamweleza. "Ulimkana kwa jina la Mola," akasema. "Mie nnasoma, lakini hili ulilitoa kwa mkono wako." Nikaenda ziwani siku arobaini. Nikazunguka kulia, nikazunguka kushoto, nikapiga kelele kwenye mzambarau, "Tu wawili! Bibi, tu wawili!" Vyura walinyamaza, basi. Hakuna aliyetokea kuniuliza tena.

Raya aliolewa. Mkeka niliusuka mimi, akaulalia, akamuuliza mama nani fundi wake. Mama akamwambia, "Dadaako." Siku zile alikuwa anakasirika akiambiwa hivyo, analia kwamba wanamfanya mwendawazimu. Mwishowe watu walichoka, wakaacha kumwambia. Hata mama akaacha, na hilo liliniuma kuliko yote.

Leo sote ni wajane, na mama hayupo. Raya amerudi nyumba ya mama, nami ndimo nilimo. Napika, anakula. Husema nyumba hii ina baraka, chungu hakikosi kitu. Usiku namsikia akiomba dua, anamtajia Mola watu wote wa ukoo wetu, waliokufa na walio hai. Mimi nipo chumba cha pili nangoja jina langu. Miaka yote hii nangoja.

Juzi alikuja karani wa sasa, binti mdogo mwenye heshima zake. Akabisha hodi, Raya akafungua, nami nikasimama ubavuni mwake.

"Bibi, humu mko wangapi?"

"Niko peke yangu, mwanangu," Raya akajibu.

Binti akanitazama mimi, akamtazama yeye, kalamu imemsimama mkononi. Nikamwambia, "Tupo, mwanangu. Kwa uwezo wa Mungu tupo." Raya akajitanda kanga vizuri, akasema mlangoni pana baridi.

Basi na wewe, ukipita penye maji, hata njia iwe nyepesi kiasi gani, ukaulizwa na usiyemjua mko wangapi, usimhesabu mwenzio, na wala usimkane, hata kwa kumpenda. Sema tupo. Ni neno fupi, halichoshi ulimi. Ningelisema mara moja tu alasiri ile, leo ningekuwa na mtu wa kugombana naye.