Simu Isiyo na Mtu Upande wa Pili

Phelesia hakuunganisha simu mpaka asikie jina. Kengele ikinyamaza upande wa pili, ishara kwamba mtu keshainua mkono wa simu, yeye huuliza, "Nani hapo?" kisha hungoja. Wateja wa Homa Bay walimchoka, na hawakuwa na kosa: mwaka ule wa 1966 posta ilikuwa na swichibodi moja tu, na aliyeichelewesha ni yeye.

Ongeri, mwenzake wa kazi, alimtania. Kengele ikinyamaza mtu yupo, alisema, chomeka waya uendelee. Asipokuwepo, mpigaji atapiga tena. Akaongeza kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Phelesia hakucheka, maana nyoka wake alikuwa na jina.

Miezi kadhaa nyuma, Cephas, mkulima wa Rongo, alipiga simu zahanati kuomba gari, mkewe kajifungua na damu haikatiki. Kengele ikanyamaza. Phelesia akasikia nyayo, mlango, mtoto akilia, akaunganisha. Kumbe muuguzi aliinua simu, akailaza mezani, akakimbilia mgonjwa mwingine. Laini za siku zile zilikuwa mbovu, na watu walizoea kusema bila kusikia jibu. Cephas alieleza yote, akashukuru, akaenda kungoja gari. Alingoja hadi mkewe akakata roho. Tangu hapo ile "asante" ilimfuata Phelesia hata kanisani, ikamtesa kuliko laana.

Siku moja Nyabuto, mkubwa wa posta, aliketi kando yake na visikizi masikioni. Akiuliza jina tena, alimwonya, kazi hana. Simu ikaingia kutoka Rongo, ikitaka zahanati ileile. Phelesia aliijua sauti kabla haijamaliza salamu.

"Mama, usiniunganishe kabla mtu hajataja jina," alisema Cephas. "Ile siku mlinipea laini, nikaongea na nyumba yenye haina mtu."

Nyabuto akavua visikizi polepole. Akamwambia Phelesia aulize anavyotaka, akarudi ofisini kwake. Ongeri naye akainama, hana utani. Phelesia alikuwa ameshinda, lakini hakuchomeka waya.

"Baba," alisema, "ni mimi nilikupa ile laini."

Huko Rongo kukawa kimya. Phelesia alishika waya mkononi, wala hakuthubutu kuuliza kama bado kuna mtu.