Ghuba la Tilapia na Ripoti Niliyoitia Sahihi

Siku ya kwanza kazini nilipewa kisu, sinia na ndoo ya tilapia arobaini, na hakuna aliyeniuliza kama nimekunywa chai. Kituo chetu cha utafiti wa samaki kilikuwa nyumba tatu za mabati kando ya Ziwa Albert, pale barabara ya kutoka Bunia inapomaliza kuteremka mlima na joto linakupiga usoni kama mvuke wa sufuria. Nilikuwa kijana wa Mahagi, nimemaliza shule ya ufundi wa kilimo, na sikuwa nimeomba kazi ya samaki. Nilikuwa nimeomba kazi ya kahawa.

Shefu wa kituo, mwanaume mwembamba aliyesomea Kisangani, alikaa kwenye kiti cha chuma akinitazama nikipasua. Kazi ilikuwa kumtambua dume na jike, kisha kuandika jike yuko hatua gani ya uzazi. Hatua zilikuwa sita. Katika hatua ya kwanza mfuko wa mayai ni kama uzi unaong'aa. Katika ya nne mayai yanaonekana kwa macho, rangi ya mahindi yaliyokomaa. Katika ya tano yanamwagika ukibonyeza tumbo. Katika ya sita mfuko umebaki mtupu, umelegea na una wekundu, kama kidonda kinachoanza kupona. Samaki mmoja sikuona yai ndani yake hata moja. Nikaandika: dume.

"Openji," Shefu akasema, "hii uliandika mwanaume. Uliona nini?"

"Mayai haiko, Shefu."

"Haiko wapi?"

"Mu tumbo."

Akasimama, akamshika yule samaki, akampanua mdomo kwa kidole gumba. Mayai yalikuwa humo, yamejaa hadi kwenye mashavu, ya manjano, mengine yameshaota vidoa vyeusi vya macho.

"Hii ni mama," akasema. "Alishazaa. Anawabeba batoto mu kinywa. Kama haujue, andika kama haujue. Usiniandikie uongo mu kitabu yangu."

Nilifuta neno dume. Mikono yangu ilinuka siku tatu.

Miaka ile nilijifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa kupasua. Karibu na kituo kulikuwa na ghuba, maji yake ya kimo cha kiuno, mchanga chini na matete pembeni, na upepo wa ziwa haufiki ndani. Shefu alikata debe la mafuta, akaziba kitako chake kwa kioo na lami, na mimi nililala kifudifudi ndani ya mtumbwi nikitazama chini asubuhi nzima mpaka mgongo ukaungua. Dume la tilapia huchimba shimo la duara mchangani kwa mdomo wake, tonge moja moja, na kulilinda kama mtu aliyejenga nyumba ya tofali. Jike hupita juu ya mashimo mengi kabla ya kuchagua. Akishataga huokota mayai yote kwa mdomo na kuondoka, na dume hubaki akimngoja mwingine. Tangu hapo jike hali. Siku kumi na zaidi amefunga mdomo, anayatikisa mayai taratibu ili yapate hewa. Hata vitoto vikishaanza kuogelea, kivuli cha ndege kikipita juu ya maji vyote hurudi mbio mdomoni mwa mama.

Ndiyo maana tulilijali ghuba lile kuliko ziwa zima. Capitaine, yule samaki mkubwa ambaye kila mgeni wa Bunia anataka aletewe mezani, yeye humwaga mayai yake mengi majini na kwenda zake. Tilapia huzaa machache na kuyalea. Ukimvua jike akiwa na mdomo uliojaa, umevua nyumba nzima.

Kisha nilihamishwa kwenda Mahagi-Port, kwenye kituo kidogo cha kupokelea samaki, chini ya Inspekteri. Huyu alikuwa mnene, mpole, mpenda karatasi. Kila asubuhi nilipima samaki wa wavuvi ufukweni kabla wanawake hawajawapakia kwenye beseni. Baada ya miaka michache nikaona jambo nililodhani ni kosa langu: majike madogo, ya urefu wa kiganja changu, yalikuwa na mayai ya hatua ya nne. Nilipoanza kazi, samaki wa kimo hicho alikuwa bado na uzi tu tumboni. Nilimpelekea Inspekteri kitabu.

"Wanazaa wakiwa watoto," nikamwambia.

"Ju ya nini?"

"Sijue, Inspekteri."

Akavua miwani. "Fikiria weye. Nyavu inakamata nani kwanza? Mukubwa. Ule anayechelewa kuzaa anakufa mbele ya kuzaa. Ule anazaa mudogo anabakisha batoto, na batoto yake nao banazaa badogo. Mwaka na mwaka, siye ndiyo tunachagua mbegu. Tunachagua mbaya."

Alieleza kwamba huenda pia ni njaa na msongamano tu vinavyowadumaza, na kwamba jibu haliwezi kuonekana kwa kisu. Lilitakiwa kutafutwa katika urithi wenyewe, ule ambao mama na baba humpa mtoto ndani ya damu. Kazi hiyo ingefanywa na chuo kikuu cha mbali. Yetu ilikuwa kukata kipande cha pezi cha kila samaki, kidogo kama ukucha, kukitia katika kichupa cha alkoli, na kuandika tarehe, mahali na kimo. Nilirudishwa kituo cha kwanza nikiwa na jukumu hilo. Nilikata mapezi kwa miaka sita. Vichupa vilijaa kabati mbili. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule, wala kabla wala baadaye.

Vita vilipofika ziwani tulikimbia mchana, kila mtu na alichoshika. Mimi nilishika mke wangu, watoto na vitabu vinne vya vipimo, tukapanda mlima kwa miguu hadi Bunia. Vichupa havikubebeka. Niliporudi baada ya miezi mingi, kabati zilikuwa wazi. Watu wenye silaha walikuwa wamelala mle, na walipokosa kitu cha kunywa walikunywa alkoli ya vichupa, kimoja kimoja. Mapezi yalikuwa yametemwa sakafuni, yamekauka, yamekanyagwa. Niliyafagia kwa ufagio wa matete. Nilicheka kidogo, nadhani, kisha nikakaa juu ya kizingiti na sikuinuka hadi mke wangu alipotuma mtu kuniita.

Swali la Inspekteri halijajibiwa hadi leo.

Baada ya hapo tuliletewa Kordinateri, mkuu wa mradi wa kuhifadhi samaki. Alikuwa kijana kuliko mimi, msomi wa kweli, na alitaka ghuba lifungwe kabisa: asivue mtu yeyote. Lakini ghuba halikuwa tena kama zamani. Watu waliokimbia vijiji vya Djugu walikuwa wamejenga vibanda vya matete na hema hadi ukingoni mwa maji. Walikuwa wakulima. Nyavu hawakuwa nazo, basi walishona pamoja mustikere, zile nyavu za mbu walizogawiwa hospitalini, na kuzikokota penye mchanga. Mustikere haiachi kitu. Ilitoa vitoto vya tilapia vya urefu wa punje ya maharage, na mama zao wakiwa bado wamefunga mdomo.

Nilikwenda kuwasemesha. Kiongozi wa wakokotaji alikuwa mwanamke aitwaye Mama Lotsove, mkavu wa mwili, watoto wanne, mume hajulikani alipo. Nilimweleza yote, mashimo, mayai, mdomo. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwa nao. Alimpanua samaki mmoja mdomo mwenyewe, akatazama ndani muda mrefu.

"Papa Openji," akasema, "kumbe haikule kitu mpaka batoto bakomee?"

"Haikule."

"Hata mimi." Akamrudisha samaki majini. "Sasa uniambie tutakula nini, nami nitawaambia batu baache."

Nilimwambia nitatafuta njia. Na njia ilikuwepo, nilikuwa nimeipima. Mashimo karibu yote yalikuwa upande wa kusini, penye mchanga. Upande wa kaskazini ulikuwa tope na matete, na hapo kambare na vitu vingine vingeweza kuvuliwa kwa ndoano na mitego bila kugusa uzazi. Niliandika hivyo: fungeni kusini, waachieni kaskazini, wapeni ndoano. Kurasa tatu, pamoja na mchoro.

Kordinateri alisoma yote. Hakuwa mtu mbaya.

"Muzee, mpaka wa kati ya maji nani ataulinda?" akauliza. "Ukiwaachia nusu, kesho wako pote. Wanaotupa msaada wanataka ghuba lililofungwa, si nusu ya ghuba. Andika upya. Weye ndiye unajua hii maji. Bila sahihi yako haitaenda."

"Na batu?"

"Batu iko na mashirika yao. Siye tuko ya samaki."

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria sana, na sitaki kijana anayesoma hapa adhani nilishikiwa bunduki. Nilikuwa nimechoka, watoto wangu walikuwa shuleni Bunia, nilikuwa nimeshapoteza miaka sita sakafuni, na nilitaka kitu kimoja cha kazi yangu kibaki kizima kabla sijazeeka. Niliandika upya, ukurasa mmoja na nusu, bila upande wa kaskazini na bila ndoano. Ndani yake hamkuwa na neno la uongo. Nilitia sahihi.

Wiki mbili baadaye walinzi walifika, wakakusanya mustikere zote na kuzichoma ufukweni. Zilishika moto haraka, moshi mweusi, harufu ya plastiki. Mama Lotsove alisimama mbele ya vibanda na watoto wake. Nilitegemea atanitukana. Aliingia ndani na kuanza kufunga mizigo. Ndani ya mwezi vibanda vingi vilikuwa vitupu. Wengine walipanda Bunia kwenye kambi, wengine walishuka upande wa Boga kutafuta mashamba ya kulima kwa ujira. Mtoto wa mwisho wa Mama Lotsove, nilisikia, alifia njiani kwa kuhara. Sikuambiwa na mtu aliyeona, lakini sikuwahi kuthubutu kuuliza zaidi.

Na samaki walirudi. Lazima niliseme hili pia, kwa kuwa ni kweli. Msimu wa pili mashimo yalijaa kusini kote, nikayahesabu kwa debe langu la kioo hadi nikapoteza hesabu. Msimu wa nne nilipima majike yanayoanza kuzaa yakiwa makubwa kuliko kiganja, kama zamani. Kordinateri alipandishwa cheo. Wageni walikuja kupiga picha, na mimi niliwekwa katikati. Ghuba lilipofunguliwa kwa vibali, walioingia ni wenye mitumbwi ya injini na masanduku ya barafu, na samaki wakapanda mlima kwa malori kila asubuhi.

Nimestaafu sasa, naishi Bunia, mtaa wa juu, mbali na maji. Magoti yameharibika kwa kulala mitumbwini. Vijana huniuliza nilijifunza nini, na nawaambia mambo ya kweli: pimeni samaki akiwa mbichi, msiamini rangi peke yake, tazameni kitundu cha uzazi chini ya tumbo kabla ya kupasua, chukueni vichupa viwili na kimoja kiwekwe nyumba nyingine. Nawaambia pia kwamba ripoti inaweza kuwa ya kweli katika kila mstari na bado ikawa na kitu kilichokatwa. Hilo huwa hawaliandiki.

Mwaka jana mke wangu aliumwa, nikaenda sokoni mwenyewe. Penye samaki wakavu mwanamke aliniita: "Papa wa ghuba!" Nilimtambua Mama Lotsove kwa sauti kabla ya uso. Amezeeka kama mimi. Mbele yake kulikuwa na mafungu ya samaki wadogo waliokaushwa, yamepangwa vizuri sana. Tulisalimiana kama watu wa kijiji kimoja. Aliulizia watoto wangu, nikamwambia. Mimi nikaulizia wake.

"Batatu," akasema. "Mukubwa anaendesha pikipiki, anabeba batu mpaka Aveba."

Nikasema nilikuwa nimeandika ripoti nyingine kwanza, ya kufunga nusu tu. Sijui kwa nini nilimwambia hapo, kati ya watu. Alipanga upya fungu ambalo halikuwa na kasoro.

"Ile samaki," akauliza, "ilirudia?"

"Ilirudia. Mingi. Mikubwa."

"Nani aliikula?"

Nilimjua kila aliyewala. Nilikuwa nimeyaona malori.

"Haikukuwa weye," nikamjibu.

"Ndiyo," akasema, bila hasira, kama mtu anayesahihisha mtihani. Akaniuzia nilichotaka, akanifungia kwenye karatasi, akageukia mama aliyekuwa akingoja nyuma yangu.