Salamu za Kulinda Handaki

Miaka ile ya soko huria kila mwenye lori Makambako alitaka kujua mwenzake anasafirisha mbao kwa bei gani. Tajiri wetu, asiyemwamini hata mpishi wake, akamleta fundi wa kompyuta kutoka Dar es Salaam. Fundi akaunganisha ofisi yangu ya Makambako na ile ya Njombe kwa njia ya siri ndani ya mtandao, aliyoiita handaki. Bei zetu zilipita humo pasipo mtu kuziona. Kasoro ilikuwa moja: likikaa kimya dakika tano, handaki lilijifunga, na kulifungua tena kwa simu zile za waya kuliweza kula asubuhi nzima. Fundi akatuambia tuwe tunapitisha chochote kabla ya dakika tano, akaondoka.

Upande wa Njombe alikaa karani mmoja, mzee wa Kibena, na kwake kitu cha kumpelekea mtu ni salamu. Mdogo ndiye huanza, kwa hiyo nilianza mimi. Mimi mtu wa Kondoa, tena mvivu wa kuandika, siku moja nikamtumia nukta tupu. Akajibu: "Nukta si salamu, mwanangu."

Basi tukasalimiana kutwa, kila dakika nne, miezi minane. Nilichukia. Chai yangu ilipoa kila siku, na msalani nilikwenda mbio. Mke wa mzee alipolazwa hospitali ya Ilembula naye akaingia kwenye salamu, maana huwezi kuuliza habari za nyumbani ukamruka mgonjwa. Kila Jumapili mzee alikwenda kumwona na kumfikishia salamu zangu, Jumatatu akanieleza: amekunywa uji, amekataa uji. Jumatatu moja akaandika kwamba mama ameketi mwenyewe. Sikuwahi kumwona mama huyo, lakini nilifurahi hadi nikamtangazia muuza maandazi.

Kisha fundi akarudi. Aliposikia tunavyolinda handaki lake alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika mstari mmoja tu, na tangu hapo kompyuta zikawa zinaitana zenyewe. Nikaanza kunywa chai ya moto. Mgonjwa nilimkumbuka, nikasema nitamuulizia kesho. Zikapita wiki tatu za kesho. Orodha za mbao zilifika kama kawaida, nikaona kwa mzee ni salama.

Nilipotumwa Njombe kupeleka karatasi za printa nilimkuta mezani, kitambaa cheusi kimebanwa kwenye koti. Nikamwamkia. Akaniambia mkewe wamemzika wiki iliyopita, na orodha alikuwa akizituma mwenzake. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Laini ilikatika, mwanangu?" akaniuliza, bila kinyongo.

Haikuwa imekatika hata dakika moja. Nikamwambia ndiyo, mzee, ilikatika.

"Nilimwambia mama hivyohivyo," akasema. "Alikuwa anakuulizia."