Kidimbwi cha Ghorofa ya Tatu

Acheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Ninafuga mbwa mdogo, Chapo, kwa siri hapa Tassia, kwani mwenye nyumba hataki wanyama. Nikiwa kazini analala ndani ya kreti kuukuu ya mkate. Niliambiwa nimzoeshe kujisaidia mahali pamoja tu, na akifaulu nimpe kitu kitamu papo hapo. Ningemshusha hadi nje, lakini mimi na ngazi hatupatani. Kila alfajiri nilimtoa hapo konani, nje ya mlango wangu, akakojoa, nikampa kipande cha soseji ya smokie, tukarudi ndani mbio.

Wapangaji wakaanza kulalamika kuhusu kidimbwi cha mkojo. Lawama zikamwangukia Mzee Kilonzo, baba mkwe wa jirani yangu Mama Mutua, aliyetoka Kitui kuja kutibiwa. Nami nikadakia, "Ni uzee tu, tumvumilie." Eti muungwana!

Jumamosi nilifungua mlango nikamkuta mzee amepiga magoti pale konani, akipangusa.

"Nisamehe, mwanangu," akaniambia. "Sikumbuki hata nikija hapa. Nimeacha hata chai ya jioni, lakini wapi."

Kabla sijajibu, Chapo akapenya katikati ya miguu yangu, akaenda moja kwa moja pale palipopanguswa, akachuchumaa. Alipomaliza akakaa, akaniinulia macho huku akitikisa mkia.

Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, umeshika smokie.